Watu wa Ngoro na Fagio Zao

Ahimidiwe Mungu, aliyeivika nchi majani siku ya tatu na kumwumba mtu siku ya sita. Nimeutafakari mpangilio huo miaka yote ya kazi yangu, na ninaamini haukuja kwa bahati. Kama angetuumba sisi kwanza, tungemsubiri na ufagio mkononi, na kila jani alilolitoa tungelisukuma pembeni tukalichoma moto.

Nimestaafu tangu mvua zilizopita. Vijana niliowaachia bustani wameniomba niwaandikie kuhusu mimea ya kufunika ardhi, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya kuliko nyingine zote. Wenzangu walipanda waridi, watu wakaja kupigia hapo picha za harusi. Mimi nilipanda vitu vya kukanyagwa. Namshukuru Mungu kwa hilo, maana aliyepanda waridi huulizwa habari za waridi maisha yake yote, na mimi nimeachwa nikafikiri kwa utulivu.

Nilisoma seminari ndogo hadi walezi wangu walipoona, na mimi nikaona, kwamba wito wangu haufiki altareni. Niliondoka na katekesi, Kilatini kidogo kisicho na mnunuzi hapa Mbinga, na magoti yaliyozoea kuwa chini. Magoti hayo ndiyo yaliyonipatia ajira. Masista waliokuwa na nyumba juu ya mji walitaka mtu wa bustani anayeweza kupiga magoti siku nzima bila kulalamika, na paroko akanitaja.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya Jumapili na jembe jipya begani. Msimamizi wa bustani, Mzee Adriani, alinitazama kuanzia kichwani, akaishia kwenye jembe.

"Hilo la nini?"

"La kazi, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Lipeleke stoo likapumzike. Bado halijafanya kosa lolote, tusilifundishe."

Mzee Adriani alikuwa Mnyasa wa Kihagara, kijiji cha kando ya Ziwa Nyasa, Mwanglikana asiyekosa ibada, na alifanya kazi kwa masista Wakatoliki kwa furaha ya mgeni anayeona makosa ya wenyeji bila kuulizwa maoni. Alfajiri ile mvua ilikuwa imenyesha. Alinipeleka katikati ya uwanja, pale ulipokuwa mwekundu, mtupu, umefagiliwa ukang'aa, akaniambia nilale kifudifudi.

"Na nguo hizi, Mzee?"

"Nguo zitafuliwa. Lala. Unaona nini?"

"Tope."

"Limesimama au linatembea?"

Nikaangalia. Kulikuwa na vijito vyembamba kama uzi, kila kimoja kimebeba chembe nyekundu, vyote vinaelekea getini.

"Linatembea, Mzee."

"Basi huo ni uwanja wa masista unahama. Wao wanaulegeza kwa ufagio kila asubuhi, mvua inaubeba, na kule bondeni kuna mtu anapanda kabichi kwenye uwanja wao na hajawahi kuja kusema asante. Ninyi Wakatoliki mnapenda usafi. Mnafagia hadi mnajifagia wenyewe."

Nilisimama na tope kifuani. Hilo lilikuwa somo la kwanza, na hadi leo sijapata la kulizidi. Kabla hujauliza upande nini, lala chini uone maji yanakwenda wapi. Vijana wa siku hizi mnaanza na picha kwenye simu. Mnaona bustani ya mtu wa nchi nyingine, kwenye ardhi bapa, yenye bomba la maji kila kona, halafu mnakuja kuiweka kwenye mteremko wa Mbinga. Simu hailali kifudifudi.

Sasa niseme jambo ambalo nikiwa kazini nililisema kwa upole, kwa sababu nililipwa niwe mpole. Sisi Wamatengo ni watu wa ajabu. Shambani hakuna anayetuzidi kutunza udongo. Mlima uliosimama kama ukuta tunaulima, na haumomonyoki, kwa sababu ya ngoro. Mwanaume anafyeka majani, anayalaza kwa mistari ya miraba kwenye mteremko. Mwanamke anafuata na jembe, anachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya majani yale. Yanabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta, mvua ikija inakaa ndani ya shimo na haipati pa kukimbilia. Babu zetu walifanya hivyo, na wageni wanakuja kutuangalia kwa heshima.

Kisha mtu huyo huyo anarudi nyumbani. Nyumba iko kwenye mlima ule ule. Anaweka jembe, mkewe anachukua ufagio wa vijiti, na uwanja wote unafagiliwa hadi hakuna hata jani moja la kushika punje ya udongo. Miaka kumi wakifanya hivyo, msingi wa nyumba unatoka nje kama fizi za mzee. Hapo wanaanza kulaumu fundi. Ukiwaambia wapande kitu, wanakuambia majani yanaficha nyoka. Nimefanya kazi ndani ya majani maisha yangu yote, na nyoka niliokutana nao walikuwa kwenye kuni, kwenye matofali yaliyorundikwa, na mmoja ndani ya kiatu cha mtu aliyefagia kila siku.

Nasema hivi nikiwa Mmatengo, mtoto wa mwanamke aliyefagia. Mungu amrehemu mama yangu, alikuwa msafi sana, na ngazi ya mlango wetu ilikuwa fupi nikiwa mdogo na ndefu nilipoondoka.

Kwa masista tuliufunika uwanja pole pole, kipande kwa kipande, kwa sababu Sista Mkuu aliamini kwamba uwanja mtupu ni alama ya dhamiri safi. Mzee Adriani hakubishana naye. Aliniambia tuanze nyuma ya jiko, ambako hakuna mgeni anayefika, na tusiseme neno. Mvua za mwaka ule zilipokwisha, nyuma ya jiko palikuwa pakavu, miguu haichafuki, na sista wa jikoni ndiye aliyekwenda kumwuliza Mkuu kwa nini mbele pawe na tope na nyuma pasiwe nalo.

Tulitumia vitu vya kawaida. Pale panapopitwa na watu kila siku tulipanda ukoka, kwa sababu hauchukii kukanyagwa. Lakini kati ya ukoka na bustani ya mboga tulichimba mfereji na kuukagua kila wiki, maana ukoka ni mgeni anayeingia kwa chini. Chini ya miti, ambako jua halifiki, tuliweka ile mimea ya kutambaa yenye majani ya mistari ya zambarau, inayoshika hata ukiitupa. Karibu na jiko tulipanda viazi vitamu kwa ajili ya matembele. Watu wanacheka ukiwaambia matembele ni mmea wa bustani. Wacheke. Unafunika ardhi, unalisha nyumba, na ukiuchuma unazidi kutambaa. Sijui ua gani linalofanya yote matatu.

Kwenye miteremko tuliweka ile jamii ya karanga isiyozaa karanga za kula, yenye ua dogo la njano. Sisi tuliiita karanga-ua, na nitaiita hivyo. Inashika udongo kwa kila kifundo, haipandi juu ya ukuta, na ikifika urefu wa kiganja inatulia. Ina unyenyekevu ambao nimeutafuta kwa wanadamu bila mafanikio. Shida yake moja ni kwamba inachelewa kuanza. Mvua za kwanza utaipalilia kwa mkono, si kwa jembe, na utaona udongo mwingi kuliko majani, na mwenye nyumba atakuja kukuuliza kama una hakika. Mwambie una hakika, uendelee kupalilia.

Msichanganye ua hilo na lile jingine la njano lenye jani nene linalong'aa, ambalo watu wanaliomba kwa jirani kwa sababu linafunika haraka. Linafunika haraka kweli. Litafunika ukoka, matembele, ndoo uliyoisahau na kiti alichokaa bibi yako. Mama mmoja wa mjini alilipanda kando ya barabara yake, akaniita baadaye anionyeshe lilivyopendeza. Nilimwuliza mlango wa choo uko wapi. Akaanza kuutafuta.

Na msipande kitu chochote hadi kwenye ukuta. Acheni nafasi ya hatua moja, muone kama mchwa wanajenga. Ufagio hapo una kazi yake, sijausahau.

Baadaye nilipelekwa chini ziwani, kwenye nyumba ya wageni upande wa kwenda Chiwanda. Nilikwenda peke yangu, Mzee Adriani alikuwa ameshazeeka. Ziwani kila kitu ni tofauti: mchanga, jua, na upepo unaokausha jani kabla hujamaliza kulimwagilia. Meneja wa pale alitoka safari mjini akiwa ameona hoteli, akataka zulia la nyasi kutoka barazani hadi majini. Nilimweleza kwamba mchanga hauweki maji. Akanunua pampu. Tukawa tunavuta maji ziwani asubuhi na jioni, tunayamwaga kwenye mchanga, nayo yanarudi ziwani kwa njia ya chini. Sijawahi kuona maji yakisafirishwa kwa bidii namna ile ili yafike yalikotoka.

Zulia lilipokuwa zuri kabisa, tuliamka asubuhi moja tukakuta akina mama wameanika usipa juu yake, kuanzia barazani hadi ufukweni, samaki wadogo wanang'aa kama fedha. Meneja alitoka na taulo shingoni.

"Akina mama, nani amewaruhusu kuanika hapa?"

Mmoja wao alijibu bila kuacha kutandaza. "Nyasi zenyewe, baba. Tumeona zimekaa tu hazina kazi."

"Wageni watalalamika harufu."

"Mgeni anayekuja ziwani asipende samaki, huyo amepotea njia. Mwelekezeni Songea."

Baada ya hapo pampu iliharibika, na kwa neema ya Mungu haikutengenezwa. Nilipanda ukoka kwenye njia na matembele chini ya miembe, zulia likafa kifo cha kawaida, na akina mama wakarudi kwenye vichanja vyao.

Nilirudishwa Mbinga kumalizia miaka yangu kwenye bustani ya masista, na ndipo nilipopata kazi ngumu kuliko zote. Haikuwa hata kazi yangu. Nilikuwa pia katekista wa kigango, na Mama Kapinga alikuwa mwanakigango, mjane, mkulima wa kahawa, nyumba yake iko juu kabisa ya mlima, mahali ambapo hata kuku wanatembea kwa uangalifu.

Mumewe, Filbati, alizikwa nyumbani, hatua chache chini ya dirisha la chumba chao. Kaburi lilijengewa simenti na msalaba. Kila jioni Mama Kapinga alifungua dirisha, akasali rozari akiwa ameliangalia. Aliniambia kwamba siku za mwanzo hakuweza kumaliza fungu moja bila kulia, na kwamba dirisha lile ndilo lililomfikisha kwenye mafungu yote matano. Sitasema zaidi juu ya hilo. Mtu aliyewahi kufiwa ataelewa, na asiyefiwa amshukuru Mungu na asubiri.

Kuna desturi yetu nyingine inayotokana na ufagio. Inapokaribia siku ya Marehemu Wote, mwanzoni mwa Novemba, ukoo unakwenda makaburini na majembe. Kila kilichoota kinaparuliwa. Udongo unaachwa uchi, unafagiliwa, mishumaa inawashwa, watu wanasifu kwamba makaburi yamependeza. Wiki chache baadaye mvua kubwa zinaanza. Hakuna adui ambaye angeweza kutupangia vizuri zaidi. Mtu anayelaza majani kwenye shamba la maharage ili udongo usiondoke anakwenda kwenye kaburi la baba yake na kuufungulia udongo njia.

Shemeji yake Mama Kapinga, mdogo wa marehemu, aliitwa Gervasi. Alikuwa mkulima hodari na mtu wa sauti kubwa. Mwaka wa kwanza baada ya msiba alikuja na jembe lake akaliparua kaburi na mteremko wote wa chini yake, akaacha pamekuwa pekundu kama kidonda. Mvua za mwaka ule zilikata udongo chini ya simenti. Pasaka ukoo ulipokusanyika, ukingo mmoja wa kaburi ulikuwa unaning'inia, mtu angeweza kupitisha mkono chini yake.

Gervasi aliuzunguka ukingo ule, akatikisa kichwa.

"Shemeji, umeshindwa kumtunza. Mvua nyingine kama hii, ndugu yangu atateremka hadi mtoni. Ikifika hapo tunamhamishia kwangu. Kwangu ni tambarare."

Wazee wa ukoo walinyamaza, na kunyamaza kwao kulikuwa kukubali. Nilikuwapo, kwa sababu mimi ndiye niliyeongoza sala. Mama Kapinga aliangalia dirisha lake, akaangalia kaburi, akaingia ndani kupakua chakula.

Wiki iliyofuata aliniita. Niliangalia mteremko, nikalala kifudifudi kama nilivyofundishwa, yeye akasimama pembeni akiangalia kama kuna jirani anayetuona. Nilimwambia kwamba kaburi halihitaji simenti zaidi, linahitaji kufunikwa pande zote kwa karanga-ua, na lisiparuliwe tena.

"Katekista," alisema, "kaburi lenye majani ni la mtu asiye na watu. Watasema nimemsahau."

"Waseme, Mama. Kaburi likishaanguka watasema nini?"

"Wewe unaongea kama hukuzaliwa huku."

"Nimezaliwa huku, Mama. Ndiyo maana nimechoka."

Akaniambia nirudi nyumbani. Nilirudi. Nimesali sana nipewe uvumilivu, na Mungu amekuwa akinipa nafasi nyingi za kuutumia.

Ilipofika Septemba alikuja mwenyewe bustanini kwa masista, amevaa kitenge kizuri, hakutaka hata maji ya kunywa. Alisema ameliwaza jambo lile akiwa shambani, akiparua matuta yake.

"Hayo maua yako, ukiyapanda pale kama palivyo, mvua ya kwanza itayabeba na mizizi yake."

Nikakubali. Hilo lilikuwa linanisumbua hata mimi.

"Tuchimbe ngoro," akasema. "Kuanzia ukingo wa kaburi hadi kwenye migomba. Majani chini, udongo juu, halafu maua yako juu ya matuta badala ya maharage."

Ngoro huchimbwa mvua zinapokaribia kuisha, kwa maharage, shambani. Sijawahi kusikia zikichimbwa kwenye kaburi. Lakini kila nilipotafuta sababu ya kukataa niliona inatoka kwenye ufagio.

"Nitakuja nikulazie majani," nikamwambia.

Alinitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Ukilaza majani wewe, Katekista, Jumapili hakuna atakayesikiliza somo. Wote watakuwa wananiangalia mimi. Majani ni kazi ya mwanaume wa nyumba. Wewe lete maua."

Hapo ndipo penye ugumu, na naomba msomaji asiye wa huku anielewe. Jembe mjane analo. Nguvu anazo. Anachokosa ni mtu wa kulaza majani, kwa sababu ile ni kazi ya mume au ndugu wa mume, na akiifanya mwanaume mwingine maneno yatapanda mlima kabla yake. Ndugu wa mume alikuwa mmoja, Gervasi, ambaye alikuwa ameahidi kuja na jembe kusafisha kaburi.

Siku ya kuamkia Marehemu Wote nilipanda mlima na gunia lililoloweshwa maji, ndani yake vipande vya karanga-ua nilivyovikata asubuhi. Nilimkuta Mama Kapinga ameshafyeka majani mwenyewe. Yalikuwa yamerundikwa pembeni ya kaburi, rundo refu kufika kiunoni, hayajaguswa. Hakuwa amelaza hata moja. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, anachambua maharage, jembe lake limeegemea ukuta.

"Unasubiri nini, Mama?"

"Msaidizi."

Haukupita muda Gervasi akatokea, jembe begani, kofia nyuma ya kichwa.

"Hodi hapa. Shikamoo, Katekista."

"Marahaba."

"Karibu, shemeji," Mama Kapinga alisema, hakuinuka.

Gervasi aliona rundo. "Huu uchafu gani karibu na ndugu yangu?"

"Majani."

"Naona ni majani. Nimekuja kusafisha, nakuta umeongeza. Ndiyo maana nasema kaburi limekushinda."

"Begani umebeba nini, shemeji?"

"Si jembe hili? Huoni?"

"Naona. Nilitaka unitajie mwenyewe." Aliweka ungo chini. "Shambani kwako mwaka huu, nani alishika jembe kwanza, wewe au mkeo?"

"Swali gani hilo. Nilifyeka, nikalaza, yeye akachimba."

"Na kama ungeanza wewe na jembe, majani hayajalazwa?"

"Ningechekwa kijiji kizima."

"Basi mimi nakucheka," alisema Mama Kapinga, na uso wake haukuwa na kicheko hata kidogo. "Jembe ninalo, lile pale. Nilikosa mwanaume wa ukoo huu wa kulaza majani. Wangu yuko chini ya simenti hiyo. Amebaki ndugu yake mmoja, na ndugu yake amepanda mlima wote amebeba kazi ya wanawake."

Gervasi alinigeukia. Nilikuwa naangalia gunia langu kwa makini sana.

"Katekista, unamsikia?"

"Namsikia."

"Huna la kusema?"

"Mimi nimeleta maua tu."

Alisimama. Aliangalia ukingo wa simenti unaoning'inia, akainama, akapitisha mkono chini yake hadi kwenye kiwiko. Mkono ulipotoka ulikuwa na vumbi. Nadhani Pasaka aliona aibu ya ukoo, na siku ile aliona kaburi la kaka yake. Hakusema hivyo, na mimi si padre wa kumwungamisha. Aliegemeza jembe lake ukutani, karibu na lile la shemeji yake, akavua koti.

"Nani alifyeka haya?" akauliza, ameshika konzi ya kwanza.

"Mimi."

"Inaonekana. Mengine marefu, mengine mafupi. Filbati angelia."

"Filbati alishazoea. Laza."

Alilaza. Niseme ukweli juu ya mtu ambaye sikumpenda: sijawahi kuona miraba iliyonyooka namna ile. Alianza kwa hasira na akaishia kwa sifa, anarudi nyuma hatua moja, anafumba jicho, anasogeza jani. Majani mengine aliyasukuma kwa mikono miwili chini ya simenti, akayashindilia hadi pakajaa. Mama Kapinga alifuata nyuma yake na jembe, akichimba na kufunika. Tulimaliza jua likiwa bado juu. Mbele ya msalaba tuliacha mraba mmoja mtupu kwa ajili ya mishumaa, na pembezoni mwa simenti nafasi ya kiganja. Vipande vya karanga-ua nilivihifadhi kwenye kivuli cha migomba, nikavibadilisha mara kwa mara, na mvua za kwanza zilipolainisha matuta nikaja kuvipanda.

Majirani walisema. Walisema Mama Kapinga anamlima mume wake. Walisema katekista amemfundisha uchawi wa seminari. Mmoja aliniuliza mlangoni pa kanisa, mbele ya watu, kama tunategemea kuvuna magunia mangapi. Nilimjibu kwamba tunategemea kuvuna kaburi moja, likiwa mahali pake.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kali. Palikuwa na jioni nilizokaa kwangu nikasikiliza bati na kuuliza kama ingekuwa heri ningenyamaza, maana kama kaburi lingeondoka, lingeondoka na dirisha la mtu. Asubuhi baada ya mvua kubwa nilipanda mlima kupalilia kwa mkono. Kila shimo la ngoro lilikuwa na maji yake, yametulia, na matuta yamekaa. Mara mbili nilimkuta Gervasi ameshatangulia, anarudishia majani pale tuta lilipolegea. Alisema alikuwa anapita. Kule hakuna njia ya kupita kwenda popote.

Pasaka ukoo ulikuja tena. Ukingo ulikuwa umekaa kwenye udongo, mkono haupiti. Mzee mmoja wa ukoo alianza kusema kwamba hata hivyo, majani juu ya kaburi si desturi.

"Yapi majani?" Gervasi alimkatiza. "Hiyo ni ngoro. Nimeilaza mimi."

Habari ya kuhamisha iliishia hapo. Mama Kapinga aliingia ndani kupakua chakula, kama mwaka uliotangulia, lakini safari hii nilimsikia anaiimbia sufuria.

Yapo mambo mawili ya utunzaji ambayo nisipoyaandika mtayakosea. Karanga-ua ikishashika, ikate kingo kwa kisu kabla haijafika kwenye mraba wa mishumaa, vinginevyo mtu atawasha moto juu ya majani makavu akasema mmea ndio mbaya. Na jembe lisirudi pale kamwe. Gugu likiota ling'olewe kwa vidole, udongo ukiwa na unyevu.

Marehemu Wote iliyofuata ilikuwa ya mwisho kwangu nikiwa kazini. Padre alizunguka na jumuiya kubariki makaburi ya nyumbani. Nilishika ndoo ya maji ya baraka, kama nilivyoishika miaka mingi. Kwa miaka hiyo yote niliona jambo lile lile, nikazoea: padre ananyunyiza, maji yanaanguka juu ya udongo uliofagiliwa, yanajiviringa na vumbi kama shanga, yanateremka mlima. Tulikuwa tunabariki makaburi, na baraka inakwenda kwa mwenye kabichi.

Tulifika kwa Mama Kapinga mwisho, kwa sababu ni juu kuliko wote. Maua madogo ya njano yalikuwa yamefunguka juu ya matuta. Alikuwa dirishani na rozari, akatoka nje. Gervasi alikuwa amesimama kando ya msalaba, mikono mitupu. Padre alichovya, akanyunyiza mara tatu. Niliangalia chini kwa mazoea, nikisubiri maji yateremke.

Hayakuteremka. Yalikaa kidogo juu ya majani, yakapenya, yakazama pale pale ubavuni mwa Filbati.

Ewe unayesoma, Mungu akupe udongo unaokaa na mvua isiyozidi. Akufunike wewe na walio wako kama anavyoifunika nchi, kwa majani ya kawaida na bila kelele. Na siku utakapolazwa chini, amtume mtu mwenye akili aufiche ufagio. Amina.